Sauti Iliyobaki Waya Ulipotolewa

Tulikuwa watu wanne. Mimi, Mama Sifa. Sifa mwenyewe, kifungua mimba wangu, mwenye tumbo lililokaribia siku zake. Nyassa, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Na Asende, mdogo wa marehemu, aliyeshika foni ya kijiji chetu cha Lubondja: ile redio ya kusemea, ya betri ya gari na waya mrefu unaorushwa juu ya mti. Wilondja, mume wa Sifa, alikuwa ametutangulia mji wa Baraka, kando ya ziwa, kututafutia pa kufikia. Kwa hiyo kwenye safari hii hesabu watu wanne, na sauti moja.

Kilichotutoa nyumbani ni mtoto. Mama Byaombe, mkunga wetu, alilipapasa tumbo la Sifa, akalipapasa tena. "Huyu mutoto amekingama," akasema. "Hapa batakufa wote wawili. Mumupeleke Baraka kwa bale banapasua, mbele uchungu haujaanza." Ilikuwa katika vita vya pili vya nchi yetu. Barabara ilikuwa leo ya hawa, kesho ya wale.

Lubondja, asubuhi ya kuondoka, Asende alifungua foni. Foni haina mlango. Unayemwita anasikia, na kila mwenye chombo milimani anasikia naye. Ndiyo maana hatukutaja njia kwa majina. Barabara kubwa tuliiita Ng'ombe, na njia ya mtoni tuliiita Mbuzi. Sauti ya Wilondja ilitufikia kama siku zote inapotoka Baraka: nyembamba, inazama, inaibuka, kama mtu anayeoga ziwani. Ni milima iliyo katikati.

"Ng'ombe iko na homa," akasema. "Mbuzi iko muzima."

Basi, tungepita mtoni. Asende hakutaka kuacha foni nyumbani ikaokotwe na wenye bunduki. Aliifunga kwenye kitenge, akamtwika Nyassa, juu yake akapanga sombe, majani ya muhogo. Betri akabeba mwenyewe.

"Asende, mi nimegeuka kamio ya mizigo?" Nyassa akalalamika.

"Kamio haisemagi mingi hivi, yaya," Asende akamjibu dada yake.

Njiani vijiji vilikuwa wazi na havina watu. Mahali pamoja tulikuta chungu cha maharage kinachemka jikoni, kuni zimesukumwa vizuri, na mwiko umelazwa juu yake. Tuliita hodi. Maharage tu ndiyo yaliyojibu. Sifa alikuwa na njaa, lakini nikamvuta mkono tukapita.

Siku ya pili, mchana, tulifika juu ya kilima kinachotazama njia panda, pale Ng'ombe na Mbuzi wanapoachana. Asende alirusha waya juu ya mkaratusi, tumsikie Wilondja kwa mara ya mwisho kabla ya kushuka. Hakukawia.

"Allô. Mama Sifa. Ni Wilondja. Niko Baraka. Mbuzi amekufa. Mufuate Ng'ombe, nitabapokea."

Sifa alicheka, akashika tumbo. Nyassa akaanza kufunga mzigo. "Mukwe amesema! Twende, mbele jua haijatuchoma."

Asende hakusogea. Na mimi nilianza kusikia alichokuwa anasikia. Sauti ilikuwa ya Wilondja, maneno yalikuwa yetu, lakini haikuzama wala kuibuka. Ilisimama tu, kubwa na kavu, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Asende akaushika waya pale unapoingia kwenye chombo, akauchomoa.

Foni bila waya haisikii Baraka. Haisikii hata Fizi, palipo jirani.

"Niko Baraka," sauti ikaendelea, ndani ya chombo kisichoshikwa na kitu. "Mama Sifa, unanisikia?"

Nyassa alipiga magoti. "Ni muzimu?"

"Muzimu ingekuwa afazali," Asende akanong'ona. "Huyu iko hapa chini yetu. Bila waya, foni inasikia wa karibu tu."

"Papa, lakini ni yeye!" Sifa akamwambia baba yake mdogo. "Amesema maneno yetu!"

"Maneno, mutu anaweza kulazimishwa kuyasema, mutoto yangu. Mulima haulazimishwi. Sauti ya Baraka inapita kwa mulima. Hii haikupita."

Sifa aliirukia foni ajibu. Nikamkamata, nikamziba kinywa. Tungejibu, wale wa chini nao wangesikia ukubwa wa sauti yetu, wakajua tuko karibu. Pumzi yake ilikuwa moto kiganjani mwangu, na chombo kiliendelea kuita: "Sifa. Muke yangu. Jibu." Asende alikizima polepole, kama unavyofumba macho ya marehemu.

Tulishuka nyuma ya kilima hadi mto Mutambala, tukaufuata. Hatukukutana na mtu. Sifa alitembea mbali nami mpaka Baraka.

Baraka tulipokelewa na Mama Zaina, mwanamke wa Kiislamu wa kando ya ziwa, ambaye foni ya huko ilikaa uani kwake. Alitazama nyuma yetu. "Na Wilondja?"

"Si iko hapa kwako?" nikamuuliza.

"Hapana. Alipomaliza kusema na nyinyi ile asubuhi mulipoondoka, alitoka kuwalaki. Alisema muke wake hawezi kupita mutoni bila bwana."

Sifa alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa msichana, tukamwita Neema.

Kurudi tulirudi vita vilipochoka, kwa barabara. Penye njia panda tuliona kipande cha waya wa foni, si wetu, kikining'inia mtini. Niliinua macho nikauona mkaratusi wetu kilimani. Mtu aliye kule ungemwita kwa mdomo. Tuliuliza waliorudi jirani na pale. Hakuna aliyejua kaburi la Wilondja.

Leo Neema anasoma Bukavu, mambo ya vyombo vidogo vya majumbani vinavyosemeshana bila waya. Anasema mwizi anaweza kuiba neno la siri na kulitamka sawasawa, kwa hiyo wanakifundisha chombo kupima na safari ya hewani: wimbi la redio limefikaje, lina nguvu gani, limetikiswa na nini njiani. Nikamwambia: ndiyo, baba yako tulimjua hivyo. Nilichojifunza ni hicho, kwamba sauti inaweza kuwa ya kweli kabisa, na pale inaposema ipo pawe uongo.

Majina nina hakika nayo. Neno moja sina hakika nalo. Kabla Asende hajazima, sauti ilishuka ikawa ndogo. Sifa anashikilia kwamba mumewe alisema, "Musikuje," yaani tusiende kwake. Mimi nilisikia pumzi tu, maana masikio yangu yalikuwa kwa mwanangu niliyemziba kinywa. Neema ananiuliza lipi ni la kweli. Kama wewe ulikuwa pale chini siku ile, upande wowote, na mimi nimekumbuka vibaya, nisahihishe. Jina lako sitauliza.