Mchicha Uliolowa Bomba Likiwa Kavu

Shemeji yangu, mke wa kaka, wanamwita Ukwaju, na jina hajalikataa. Ukimwomba apunguze bei anakuuliza kama na wewe umepunguza kula. Alianza na beseni kichwani, mchicha mlango kwa mlango. Sasa ana banda la saruji, matangi ya kuoshea mboga, na kibali cha kuuzia hospitali. Mimi ndiye msafirishaji wake. Kibali kikienda, gari langu nalo linalala.

Siku moja maji yalikatika. Ukwaju akasema hakuna kuosha wala kupakia, akaenda kumtafuta fundi. Mboga zikabaki kwenye makreti zinanyauka. Aliporudi, mkaguzi wa vyakula alikuwa keshaingia.

Mkaguzi akafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Akakung'uta fungu la mchicha. Matone yakamdondokea viatuni.

"Mama, bomba kavu, mboga zimelowa. Maji ya wapi haya?"

Nyuma ya banda kuna mtaro wa maji machafu, na kando yake niliona ndoo. Nikavaa tabasamu la sokoni.

"Bosi, si umande tu huo?"

"Jua lote hili? Umande wa kwenu unachelewa kuamka?"

Mama yangu mzazi, aliyekuja kusaidia, akatokea anajifuta mikono. "Zilikuwa zimelala, nikaziamsha kidogo. Maji ya mtaro tumenyunyizia miaka yote, nani kafa?"

Ukwaju akamgeukia. "Makreti yapi, mama?"

"Nitajuaje, mwanangu? Palipolala nimenyunyiza."

Mkaguzi akatoa kalamu. Nikamnong'oneza Ukwaju: "Tutupe ya juu, ya chini yaende."

"Shemeji, watakaokula wako kitandani tayari. Unataka wasishuke?"

Akainua kreti la kwanza, akalimwaga kwenye shimo la mboji. Akarudia la pili. Kalamu ya mkaguzi ilikaa hewani mpaka kreti la mwisho.

"Kibali kinabaki," akasema. "Lakini hakitoki kitu hapa mpaka makreti yaoshwe kwa dawa nami nije kupima."

Ukwaju akapiga goti mbele ya mama. "Mama, humu usiingie tena. Chakula nitakuletea nyumbani."

"Unanifukuza, mkwe?"

"Ndiyo, mama."

Mama akanigeukia, anangoja nimtetee. Hospitali nayo ilikuwa inangoja mboga. Nikawasha gari, nikaenda kununua mchicha kwa mpinzani wa Ukwaju, kwa bei aliyoitaka mpinzani huyo.