Persis Mokeira na Neno "Amelala"

Alizaliwa Suneka mwaka 1951, binti wa wakulima wa ndizi, akabatizwa mtoni angali msichana, asubuhi ya Sabato yenye baridi kali. Aliolewa na Mzee Obwocha, wakahamia Nyansiongo kwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1979 surua ilimchukua mwanawe wa kwanza. Mhubiri akamwambia, "Mama, mtoto amelala, ataamshwa siku ya mwisho." Neno hilo ndilo lililomshika asianguke. Baadaye akawa shemasi, na hapakuwa na matanga pale kwetu ambapo hakuketi na mama aliyefiwa, amemshika mkono, akimpa neno lile lile alilopewa yeye. Likumbukeni neno hilo, maana mwizi alikuja kuliiba.

Mwizi, naam! Bango lake liliandikwa Nabii Mogire, lakini mimi kalamu yangu haitamwita hivyo. Aliingia Nyansiongo mwaka 2018 na vipaza sauti vyake, akidai amepaa mbinguni na kurudi, kaona majumba na majina ya wenyewe milangoni. Injili ya Yohana, sura ya tatu, inasema hakuna aliyepaa mbinguni ila yeye aliyeshuka kutoka huko. Lakini nani alifungua Biblia? Tulizibeba kwapani kama miavuli siku ya jua! Kisha akapiga marufuku neno "kufa" katika kundi lake. Walio wake, alisema, hawafi, wanalala tu. Na sisi tuliozoea kusema hivyo kila matanga tukaitikia amina. Ujinga gani ule!

Machi 2019 Kwamboka, binti wa Lorna, jirani yake Persis, alishikwa na malaria hadi akapoteza fahamu. Mogire akamwekea mkono, akatangaza, "Amelala. Anatembezwa mbinguni. Atakayemwamsha atamfungia mlango wa uzima." Kundi lake likamzunguka mtoto, likaanza nyimbo. Mtoto anachemka, meno yamekazana, na watu wazima wanaimba! Hata sasa nikiandika, hasira inanipanda.

Persis alipita kumjulia hali, akamgusa paji la uso.

"Huyu anaungua! Lorna, mbona yuko hapa?"

"Mama, usimshike! Ako mbinguni. Nabii amesema amelala."

"Nimezika wangu, Lorna. Niliyeambiwa amelala alikuwa baridi. Huyu ni mgonjwa!"

Mogire akasimama mlangoni, akamkumbusha kwamba Bwana mwenyewe alisema Lazaro amelala.

"Soma mbele!" Persis akamfokea. "Wanafunzi nao walielewa vibaya, ndipo Bwana akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Wewe umeishia mstari unaokupendeza. Toka mlangoni!"

Bibi huyo wa karibu miaka sabini akampiga Mogire kikumbo, akambeba mtoto hadi barabarani, akasimamisha gari la maziwa na kumpakia kati ya mitungi.  Lorna akawatazama waimbaji, akatazama kitanda kitupu, kisha akakimbia nyuma yao pekupeku. Hospitalini daktari alisema wangengoja mpaka jioni angepokea maiti.

Mnadhani walimshukuru? Wapi! Mogire alitangaza kwamba Persis amemgusa mpakwa mafuta, hivyo atakufa kabla ya kuonja mahindi ya mwaka ule. Watu wakaacha kumsalimia sokoni, na wengine, Wakristo kabisa, wakavuka barabara wakimwona. Yeye alicheka tu. "Kwamba nitakufa, huo nao ni unabii? Waebrania waliambiwa zamani kwamba kila mtu atakufa. Hata yeye." Torati imeeleza wazi kwamba neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena. Mahindi yakakomaa. Persis akachoma, akala, akamtumia Mogire hindi moja likiwa bado moto.

Moyo wake ulidhoofika, akafa Aprili 2024 nyumbani kwake. Na Mogire, hana haya hata chembe, akafungulia vipaza sauti akijisifu kwamba unabii wake umetimia! Lakini Persis alikuwa amemwachia Lorna agizo: "Siku ya kunizika msiseme nimelala. Neno hilo limechafuliwa. Semeni nimekufa. Atakayeniamsha anajua tofauti."

Mazishini mchungaji, kwa mazoea, alianza, "Mama yetu amela—" ndipo Kwamboka akasimama, sasa ni msichana wa kidato cha kwanza.

"Amekufa," akasema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyekuwa nimelala, naye akanibeba."

Wapo wanaoniuliza miujiza ya Persis. Muujiza wake huvaa sare ya shule na hupita hapa kila asubuhi. Sisi hatuwaombi wafu, basi msimwombe Persis, mwigeni. Mtoto akichemka, fungeni kitabu cha nyimbo, msimamishe gari.