Divai ya Dirishani

Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nimealikwa Beni, kwa mara ya kwanza, kula chakula kwa baba wa mchumba wangu. Mara mbili kabla ya hapo nilifika kwake akanipokea uwanjani, tumesimama wote wawili. Aliniuliza habari za mvua ya Luofu, kwetu, kisha akaniaga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti mmoja tu, na hakuona kwa nini ampe fundi cherehani wa Butembo, mtoto wa wakulima wa viazi, tena katikati ya vita. Basi chakula kile kilikuwa hukumu yangu. Akinikalisha mezani, nina mke. Asiponikalisha, sina.

Mchumba ndiye aliyenipanga. Alikuja Butembo kununua sabuni za duka la mama yake, akakaa kando ya cherehani yangu.

"Hapana leta kasikisi," akasema. "Papa hakunywake pombe ya ndizi. Alikuwa sakristani kanisani miaka mingi, alizoea divai ya mweupe ya misa. Ulete ile."

"Mweupe sawa maziwa?"

"Mweupe sawa weye!" Akacheka mpaka akashika meza, maana mimi ni mweusi kama sufuria ya kuni. "Na ukumbuke, ni weye utaonja mbele."

Hilo nililijua. Kwetu watu wanaogopa sumu, kwa hiyo anayeleta kinywaji hukifungua mbele ya wenyeji, akanywa wa kwanza, wakamwona anameza. Nilijizoeza kwa chai, ili koo lisinikwame mbele ya mzee.

Vita au si vita, Butembo haiachi kuuza. Katika duka moja la mtaa wa Kimemi nilikuta chupa tatu za divai nyeupe. Mbili zilikuwa rafuni, zimepauka kama maji, nikajiambia mzee atadhani nimemletea maji ya mto. Ya tatu ilisimama dirishani, juani, ina rangi ya asali. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

"Ile ni ya kuonyesha batu," muuzaji akasema. "Imekaa pale tangu zamani. Chukua ya huku, kaka."

Nikadhani ananinyima kilicho bora. Mimi ni mbishi tangu tumboni mwa mama. Nilibishana naye mpaka akaishusha, akaifuta vumbi, akanikabidhi. Nikaifunga katika kipande cha kitambaa cha sare za shule na kupanda lori la Beni, nimevaa shati nililojishonea mwenyewe. Kwenye kizuizi askari mmoja alipapasa kile kifurushi, akauliza ni nini.

"Dawa ya baba mukwe," nikamwambia.

"Ah, bokilo!" Akacheka; ndiyo mkwe kwa Kilingala chao cha jeshini. Akaturuhusu kupita. Sijawahi kuwapenda askari, lakini siku hiyo nilimpungia mkono.

Nilipofika nyumbani kwao, mchana, niliona mabenchi uwanjani na watu wamejaa. Nikafurahi. Nilisema moyoni, kumbe wamenialikia mtaa mzima! Nikanyoosha kola, nikaishika chupa vizuri ionekane. Hakuna aliyenisalimu. Ndipo nikasikia wanawake wakilia ndani, na jirani mmoja akanishika mkono, akanivuta pembeni.

Askari walikuwa wamemaliza kuku wote wa mtaa ule, na katika nyumba ile mgeni hakulishwa maharage. Kwa hiyo jana yake mchumba wangu alikuwa amekwenda Oicha, kwa shangazi yake, kumfuata jogoo. Akirudi, watu wenye bunduki walitoka msituni wakapiga risasi barabarani. Mwenye baiskeli mmoja alimrudisha nyumbani, amekwisha kufa. Alimrudisha na jogoo pia. Alikuwa pale uani, mzima, amefungwa mguu kwenye mlimao, anadonoa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Naichukia methali hiyo mpaka leo.

Tulimzika kesho yake. Nasema tulimzika, lakini mimi nilisimama nyuma, na majirani. Sikuwa nimetoa hata mbuzi mmoja, kwa hiyo sikuwa mume, sikuwa ndugu, na hakuna aliyejua anipe pole ya namna gani. Mama yake alishikwa mikono, shangazi alishikwa mikono. Mimi nilishika chupa, kwa kuwa sikujua pa kuiweka.

Tulipotoka makaburini watu walinawa mikono, wakaketi uwanjani. Nilikuwa natafuta mtu wa kumuaga nilipomsikia mzee mlangoni.

"Ule kijana wa Luofu iko wapi?"

Nikajitokeza. Alinitazama, akaitazama chupa, akaniingiza ndani na kunionyesha kiti mezani. Yeye akakaa upande wa pili. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Najua ni nani aliyekipiga.

"Alisema utaleta divai," akasema. "Fungua."

Hapakuwa na kifungulio. Nilisukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko, nikamimina katika bilauri mbili. Nikamwaga kidogo kwenye kitambaa chake.

"Onja, mukwe."

Mukwe. Neno nililolifuata kwa lori mpaka Beni, leo nimepewa, na mwenyewe tumemwacha udongoni. Nikainua bilauri nikanywa. Ilikuwa chungu na kali kama siki. Jua la dirishani lilikuwa limeiua zamani, na muuzaji alijaribu kuniambia. Nilimeza, kwa kuwa alikuwa ananiangalia koo. Nilitaka kusema, Papa, acha, imeharibika, lakini alikuwa amekwisha kuinua yake.

Alikunywa polepole mpaka mwisho, sakristani yule mzee, amefumba macho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ni yenyewe," akasema. "Mutoto wangu alikuambia muzuri. Ongeza, mukwe."

Nikaongeza.