Siku Tuliyohesabu Mizinga ya Baba

Rangi ilifika kabla ya watu. Nilikuwa natoka Kasulu mjini, ninakofundisha shule ya msingi, nakwenda kumwona baba kijijini kwetu, upande wa Makere. Nilipokata njia ya mkato nyuma ya mashamba ya mihogo, nikakuta miti mitatu imepigwa mkanda mwekundu usawa wa kifua. Nilipogusa, kidole kikabaki chekundu, nikajifuta kwenye nyasi haraka kama mtoto aliyeshika kitu cha wenyewe. Aliyepaka sikumwona. Nilisimama nikasikiliza, maana pale kwetu hata mtu akikohoa ng'ambo ya kijito unamsikia, lakini hapakuwa na shoka, hapakuwa na mbwa, na ndege nao walikuwa wamenyamaza. Niliondoka pale nikitembea haraka kuliko nilivyokuja.

"Nimeiona," baba alisema nilipomweleza. Alikuwa akimenya mihogo na hakuinua kichwa. "Iko mingi. Inafuata kijito."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mwaka ule. Kutoka Kibondo mpaka Kasulu, ndani ya mabasi, kwenye ngazi za kanisa, redioni, watu walikuwa wakibishana juu ya msitu. Wengine walitaka ufungwe kabisa, asiingie mtu, kwa sababu chemchemi zinakauka na mvua haieleweki tena. Wengine walisema kuufunga ni kuwafungia maskini jiko. Wapo waliowalaumu wakimbizi wa Nyarugusu kwa kuni, wapo waliowalaumu wafugaji, na wachoma mkaa waliwalaumu wote. Mimi nilikuwa upande wa kufunga, tena kwa mdomo mpana. Kijito nilichoogelea utotoni nimekiona kikigeuka matope. Nilibishana na mwalimu mwenzangu mpaka tukanuniana wiki nzima. Mizinga ya baba haikunijia akilini hata mara moja. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba ni mrina asali. Mizinga yake ya magome ya miti ameitundika juu sana, ng'ambo ya kijito, imefichwa na majani ili wezi wasiione. Kila mrina anajua ya kwake tu. Kuinua macho kutafuta mzinga wa mwenzako ni wizi, hata kama hukugusa kitu. Wanawake hawaendi kabisa, na mimi, mtoto wake wa pekee, tena wa kike, sikuwahi kuvuka kijito kile. Nilichokijua ni ndoo za asali zilizokuja nyumbani zimefunikwa majani ya mgomba, na harufu ya moshi kwenye koti lake. Kwa asali hiyo nilisoma mpaka chuo cha ualimu.

Tena kwetu mizinga haihesabiwi. Mrina asali ukimuuliza anayo mingapi atakwambia miwili, mitatu, ya kuonjea tu, hata kama msitu mzima unamwimbia. Hakuna anayeuita uongo. Ni adabu. Mizinga ya mtu huhesabiwa mara moja, akishazikwa. Nilikuwa na miaka saba babu alipofariki. Siku ya pili baada ya maziko baba aliingia msituni na kamba ya katani, akarudi jioni kamba imejaa mafundo, fundo moja kwa kila mzinga, akamwekea bibi mapajani. Bibi alilia kuliko alivyolia makaburini. Tangu siku hiyo, hesabu ya mizinga na udongo wa kaburi vilikaa pamoja kichwani mwangu.

Kamati ya kuchunguza mpaka wa msitu utakaofungwa ilikuja baada ya Pasaka, watu watano, na mkutano ukafanyika kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wake alikuwa mama mtu mzima, mpole, buti zake zimejaa vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alituambia wazi kabisa kwamba mpaka haujaamuliwa, na rangi ile ni alama za kupimia tu. Warina asali wakionekana wengi, mpaka utasogezwa mbali, na ng'ambo ya kijito litabaki eneo la nyuki. Wakiwa wachache, mpaka utafuata kijito, na atakayekutwa ng'ambo atashtakiwa. "Ndiyo maana tumekuja kuwauliza ninyi wenyewe," alisema.

Wazee wetu Kiswahili wanakijua, ila mbele ya watu wengi hukimbilia Kiha. Niliitwa kutafsiri. Baba alikuwa wa kwanza. Alipiga makofi mawili mepesi, kama tunavyowasalimia wakubwa, akainama kidogo.

"Mzee wetu, una mizinga mingapi huko?" mwenyekiti aliuliza.

Baba akajibu kama alivyomjibu kila mtu maisha yake yote.

"Anasema miwili, mitatu," nikatafsiri.

Yule mama aliweka kalamu chini. "Mwalimu, tuwe na hakika. Hesabu hii ndiyo tutakayochorea mpaka."

Hapo nilipaswa kusema. Idadi kamili sikuijua, lakini mitatu haimsomeshi mtu chuo. Ningesema tu, mama, huyu anayo zaidi ya thelathini, na hao warina tisa waliokaa nyuma yake watakujibu vilevile kwa heshima zao. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ananiangalia, na nikajua nikitaja hesabu pale uwanjani nitakuwa nimemzika mbele ya kijiji kizima. Mimi ninayefundisha sayansi, ninayewacheka wanaoogopa bundi, niliogopa namba.

"Ndiyo," nikasema. "Mitatu."

Karani akaandika. Wale tisa walipita mmoja mmoja. Miwili. Mitatu. Mmoja tu, mama, wa kuonjea.

Nilipotoka uwanjani nilikutana na mama mmoja Mkongomani wa kambini, mteja wa baba wa miaka mingi, anayenunua nta ya kutengenezea mishumaa. Alikuwa ameisikia habari ya rangi kwenye gulio. Alinishika mkono akavuta pumzi.

"Mwalimu, kwetu kulianzaka vile vile," alisema. "Kwanza balipaka rangi ku miti. Kisha baliweka bariere mu njia. Kisha hakuna mutu alipitaka tena. Ambia papa yako atoshe vitu vyake ndani ya pori mbio."

Nilimwambia hapa si kule, hapa watu wanaulizwa kwanza. Aliniachia mkono akashika njia ya kambini.

Majibu yalibandikwa ofisi ya kijiji kiangazi kilipoanza, shule zimefungwa. Nilisoma nimesimama, watu wakinisukuma mgongoni. Ufugaji wa nyuki katika eneo hili, karatasi ilisema, ni mdogo mno. Mpaka utafuata kijito. Mizinga iliyopo iondolewe kabla ya mvua za vuli. Mwenye pingamizi alete orodha yake, mti kwa mti, katika siku kumi na nne, kisha aionyeshe mizinga yenyewe kwa kamati huko huko msituni.

"Iondolewe," baba alirudia nilipomsomea. "Mzinga wenye nyuki unauhamisha kama kiti?"

Warina wengine walikubali yaishe. Mmoja alisema afadhali kupoteza asali kuliko kujitabiria kifo. Mimi sikukubali. Siku kumi nilikuwa mgongoni kwa baba kama deni. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikapika nikakataa kula naye. Mwisho nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia kwamba anaogopa kufa wakati ameshazeeka, na kwamba kwa ajili ya woga wake msitu wote unakwenda. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Jumamosi mchana aliniita. Alikuwa amenyoa kichwa. Kwetu watu hunyoa wakifiwa, nami niliona, nikajifanya sikuona. Ameweka kigoda uani, mgongo ameuelekeza msituni.

"Chukua daftari," alisema.

Akaanza. Wa kwanza uko kwenye mninga uliopinda, pale nilipolala na mvua mwaka uliozaliwa. Wa pili kwenye mti wa mkora, juu ya jiwe ninaponolea panga. Wa tatu kwenye mkuyu wa kijito. Mzinga wa mama yako, huo una nyuki wakali. Ule ambao radi iliupiga, nyuki wakarudi. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mara nyingine midomo ilicheza kwanza, kisha akaendelea. Niliandika mpaka vidole vikaniuma, na kila nilipogeuza ukurasa nilihisi baridi mgongoni, mchana ule, jua la utosi.

Arobaini na mmoja.

Aliomba maji. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama tunavyonawa tukitoka makaburini, akayamwaga maji mbali na mlango. "Sasa ni yako," alisema.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilijiona nimeshinda. Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza ofisini na orodha yangu imepigwa chapa, kurasa tatu, na yule mama mwenyekiti alipoisoma macho yalimtoka. "Kama tutaiona hii, mwalimu, mpaka hauwezi kubaki pale," aliniambia. "Hata hawa wengine tutawauliza upya."

Walikuja Alhamisi, yeye, karani na kijana wa vipimo mwenye kifaa cha satelaiti. Baba alikuwa ameketi pale pale, mgongo msituni. Hakuvaa koti lake la moshi. Tangu siku ile ya hesabu hakuwa amelivaa, na hakuwa amevuka kijito.

"Data," nilimwita, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kiha, "wageni wamefika. Twende."

Aliwapigia makofi yake ya heshima. Kisha akaninyooshea mkono. "Mwenye mizinga ni huyu."

"Data, mimi huko sijui hata pa kukanyaga!"

"Umeandika."

"Nimeandika ulichosema wewe! Wewe ndiye unayejua!"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Mwana wanje," alisema, ndiyo mwanangu kwa Kiha, "aliyekwisha kuhesabiwa haingii tena. Nikaingie kufanya nini?"

Mwenyekiti alisubiri saa nzima. Nilipiga magoti. Nilikwenda kwa warina wawili wa jirani kuwaomba watuongoze, na wote wawili walisema neno moja, kwamba hawajawahi kuinua macho kwenye mizinga ya baba na hawataanza leo. Nikarudi nikachukua daftari, nikakunja kitenge, nikavuka kijito kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mkuyu tuliupata, uko pale pale ukingoni. Mzinga wake ulikuwa juu umejificha, nyuki wanaingia na kutoka. Kijana akapima, karani akaandika. Mninga uliopinda nao tuliupata kwa bahati, ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, na tulipoinua macho juu ya rangi tukauona mzinga. Baada ya hapo msitu ulifunga. Mininga iliyopinda ilikuwa kila upande. Mawe ya kunolea panga hayana jina usoni. Nilisoma kwa sauti, "pale nilipolala na mvua," na kijana wa vipimo akageuka kuficha uso wake. Tulitembea mpaka saa tisa. Jambo baya kuliko yote ni kwamba tuliisikia. Kila tulipopita, juu yetu mahali fulani palikuwa panavuma, mbele, nyuma, tukisimama tunasikia, tukiinua macho hatuoni ila majani. Kuna wakati niliita, "Data!" kwa nguvu zangu zote, kana kwamba yumo humo. Uvumaji ukakatika kidogo, kisha ukaendelea.

Wa tatu tulionyeshwa na nyuki wenyewe. Walimuuma karani shingoni, tukakimbia, na tulipoangalia nyuma tukauona. Nadhani ndio mzinga wa mama.

Mwenyekiti alikaa juu ya gogo akavua buti moja. Alinipa maji yake. Karani, shingo imevimba, alijaza fomu akanipa nitie sahihi, na kwenye nafasi ya idadi iliyothibitishwa alikuwa ameandika mitatu. Nilitia sahihi.

"Usijisikie vibaya, mwalimu," yule mama aliniambia, na najua alitaka kunifariji. "Ulitaka kumsaidia mzazi. Lakini mzee alikuwa mkweli tangu siku ya kwanza."

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Baba alikuwa amenipikia. Alinimiminia maji ya kunawa, akasubiri nimeze matonge mawili matatu kwanza.

"Wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wamekuamini?"

Nilitafuta namna ya kumdanganya, sikuiona.

"Wamekuamini wewe, data," nikasema.