Chui Milia wa Kongo

Lester Pomerantz aliua chui kumi na mmoja, mamba wanne na nyoka mrefu kama lori, wote bila kutoka Brooklyn. Aliwaulia kwenye taipureta, katika jarida la wanaume tulilolitoa kila mwezi pale New York. Wasomaji walimjua kama Kapteni Brock Harrigan. Sisi wa ofisini tulimjua kwa chafya: paka akipita uani, Lester alichemua hadi jioni. Wakati wa vita alihesabu mablanketi bohari​ni, kwa sababu nyayo zake bapa zilimzuia kupelekwa vitani. Kabla ya hapo aliuza sidiria dukani kwa mjomba wake, na mjomba alikuwa bado amemwekea nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Mwenye jarida, Bwana Gluckman, alikuwa amemwambia mwezi Machi, mwaka 1956: "Pale juu tumeandika 'hadithi za kweli'. Siku msomaji mmoja atakapotuandikia kwamba umedanganya, unarudi kupima vifua vya wake za watu."

Kwetu picha ya jalada huchorwa kwanza. Jalada likishapigwa chapa, ndipo mwandishi hutafuta uongo wa kulienea. Mwezi Mei mchoraji wetu, Vito Scarpone, alileta mwanamume aliyechanika shati, mwanamke aliyechanikiwa zaidi, na chui milia aliyetoa meno. Chini yao, kwa wino mwekundu: NILIMNYONGA MNYAMA WA KONGO.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Nikamwonyesha Lester kwa ncha ya kalamu. "Chui milia hawapo Kongo. Hawapo Afrika nzima."

Akasawijika. "Vito! Umenichorea nini?"

"Mnyama. Simba nilichora Februari. Ulitaka mbuzi?"

"Majalada yameshachapwa!"

"Basi mnyonge huyohuyo, Kapteni."

Lester akaandika aya nzima kueleza kwamba chui alitoroka kwenye meli ya sarakasi. Gluckman akaifuta. "Anayesoma kitu hiki kwa kinyozi hataki maelezo. Anataka shingo ivunjwe."

Jarida likatoka. Kwa wiki tatu Lester alirudi nyumbani na mkate aliofungiwa na mama yake, haujaguswa. Kisha barua zikaja, gunia zima. Nilizisoma moja moja na kuziorodhesha: mia moja arobaini na tatu. Tisini na sita waliomba anwani ya yule mwanamke. Thelathini na tisa waliuliza mnyama hukabwaje. Saba walijitolea kufuatana na Kapteni safari ijayo. Moja ilikuwa ya malalamiko, ya dereva wa lori wa Nebraska.

Gluckman akaisoma kwa sauti. Lester alikuwa amesimama mlangoni, kofia tayari mkononi.

"'Harrigan ni mwongo. Ukurasa wa kumi na mbili kiberiti chake kimetumbukia mtoni. Ukurasa wa kumi na nne anawasha kiko.'"

"Na chui je?" nikauliza.

"Amemsifu chui." Gluckman akaikunja barua. "Pomerantz, mwezi ujao chukua viberiti viwili. Vito, chora chui wawili."

Tangu siku hiyo Lester alitembea kifua mbele. Hadithi ya pili ilipofika mezani kwangu, nilimkumbusha tena kwamba wanyama hao hawapo kule. Alinitazama kwa huruma.

"Teitel, ndugu yangu, wewe umewahi kufika Kongo?"

"Sijawahi."

"Basi," akasema. Uani paka alilia. Kapteni akapiga chafya, akainuka kufunga dirisha.