Leo Umepigwa Wapi?

Jumapili iliyopita nilikwenda Temeke kumwona baba. Nilimkuta barazani, simu kaiweka karibu na pua, anaitikia kwa kichwa kila anachokisoma. Baba yangu, kuitikia! Ungemjua zamani nawe ungeshtuka.

Enzi hizo alikuwa karani bandarini, na kwake kitabu ambacho hakijakupiga popote ulikuwa hujakisoma. Tukiwa mezani alitugeukia mmoja mmoja: "Haya, leo umepigwa wapi?" Ulitakiwa utaje jambo ulilokuwa na hakika nalo, halafu kitabu kikakuonyesha hukulijua. Ukikosa la kusema, unaosha vyombo. Mimi nilikuwa mwoshaji maarufu.

Mpigaji wake mkuu alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shati lake likinuka rangi siku zote. Kila Jumamosi walibadilishana vitabu, na sharti lilikuwa umchagulie mwenzako kitakachomuuma. Pamoja na urafiki huo, baba alikuwa na kauli moja iliyomkera sana mama: "Mtu mwema yule, ila ni wa kuja."

Basi Jumamosi moja jirani akaleta kitabu cha historia ya mazao. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, ndizi kwetu ni kama ndugu. Baba aliposoma kwamba asili yake ni Asia, alikirusha kitabu kwenye kochi. Akatafuta kingine cha kukikanusha, nacho kikasema vilevile. Juma zima alikuwa hasemeki.

Jumamosi iliyofuata nilimenya ndizi za mtori, ile supu yetu ya ndizi, mpaka viganja vikawa vyeusi kwa utomvu. Jirani alipofika akakaribishwa mezani. Baba alikoroga bakuli lake, akakoroga, kisha akasema, "Leo nimepigwa, mzee mwenzangu. Kumbe hata ndizi ni ya kuja."

"Ilivuka bahari ileile waliyovuka babu zangu," jirani akajibu taratibu. "Lakini hiyo sijakusikia ukiiita ya kuja."

Kumbe alikuwa akisikia siku zote. Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Sikuwa najua kitu." Kauli ile haikusikika tena nyumbani kwetu.

Jirani alifariki mwaka juzi, baada ya mama. Wanawe wamehamia nje, duka limekuwa baa, na muziki wake unatingisha madirisha yetu. Vitabu vipo kabatini vinakula vumbi. Baba anasoma simu, nayo inamletea yale anayoyaamini tayari. Inaniuma kumtazama.

Nilipika mtori, tukala. Nikataka kumchokoza kidogo.

"Baba, leo umepigwa wapi?"

Alitabasamu, akatazama ng'ambo ya barabara walikokuwa wakipanga viti vya plastiki.

"Nani wa kunipiga, mwanangu?"

Nikakusanya vyombo, nikaenda kuosha, kama enzi zile.