Marahaba ya Mwalimu Mkuu

Wiki ile nilikosa usingizi kwa sababu ya salamu. Mdogo wangu alikoroma kando yangu kama vile si yeye aliyefukuzwa shule, nami nikaligeuza swali moja kila upande: je, mwalimu mkuu anaweza kulazimishwa kumwamkia mama yangu mbele ya watu? Akikataa nitafanya nini? Akikubali, halafu akamlipizia mtoto darasani? Na je, ikiwa atakayeona aibu ni mama, si yeye? Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi, na mama alikuwa ameamriwa asimame kikaoni aombe radhi. Asipoomba, mdogo wangu harudi shule. Alikuwa darasa la saba, mtihani uko mlangoni.

Mama yangu alizaliwa kijijini, ng'ambo ya Chamwino. Ana alama ya duara kwenye paji la uso, ile waliyowekwa watoto wengi wa Kigogo wa rika lake, na ndewe za masikio zilizotobolewa zikavutwa mpaka zikalegea. Kiswahili alikijifunza ukubwani, na hadi leo akikasirika kinamkimbia. Anauza mlenda mkavu sokoni. Mtu akimtazama mara moja tu, anadhani ameshamjua: kabila lake, mfuko wake, na namna ya kusema naye. Nimeliona hilo tangu nikiwa mtoto na sijalizoea.

Shule yenyewe ni ya serikali, na mimi nilisoma hapohapo. Wakati ule ilikuwa shule ya watoto wa wauza mboga na wachunga mbuzi. Watumishi wa serikali walipohamia Dodoma na nyumba zao zikajengwa jirani, shule ikabadilika bila kuhama. Ukazaliwa mkondo wa A, wenye vioo madirishani na mwalimu asiyekosa kipindi, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeieleza, watoto wote wa watumishi wakaangukia humo. Mdogo wangu alikuwa mkondo wa C. Huko kitu pekee kisichokosa kipindi ni upepo.

Ugomvi ulianzia bombani. Msichana mmoja wa mkondo wa A, ambaye mama yake ni mkubwa katika wizara fulani, alimwambia mdogo wangu asogee na ndoo yake, kwa sababu Wagogo kwao wanaomba mpaka ruhusa ya kuomba. Watoto wakacheka. Mdogo wangu akamrarua kola ya sweta. Sisemi alifanya vizuri. Nasema tu kwamba nilipoambiwa, jambo la kwanza nililouliza ni kama ilichanika yote.

Mama akaitwa, nami nikamsindikiza. Mwalimu mkuu alitoka akasimama barazani, mwanamke mwenye umri wa dada yangu wa kwanza, nadhifu, miwani imeshushwa puani. Hakuuliza sisi ni nani. Aliiona ile alama kwenye paji la uso, akajua ni upande upi wa ugomvi.

Mama akakunja magoti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," akasema mwalimu mkuu. "Subirini pale mlingotini."

Nimelifikiria lile neno kupita kiasi, nakiri, lakini ndivyo nilivyo. Sisi wote tumelelewa na sheria moja: mdogo anaamkia, mkubwa anaitikia. Maskini akimwamkia mdogo wake kwa woga, mdogo mwenye adabu hukataa. Husema, "Hapana mama, shikamoo wewe," na mambo yakaisha kwa kicheko. Mwanamke yule hakusitasita hata kidogo. Aliipokea shikamoo ya mtu anayeweza kumzaa kama anavyopokea chaki. Nilipotaka kufungua mdomo, mama alinibana kidole mpaka kikauma.

Tukasimama mlingotini. Kwenye uwanja ule hakuna kivuli, bendera tu. Gari likaingia, akashuka mama wa yule msichana, na mwalimu mkuu aliyeshindwa kushuka barazani kwa ajili yetu akashuka ngazi mwenyewe. "Karibu sana kiongozi, pole na safari," akamwambia, kana kwamba ametoka Mwanza, wakati nyumba yake inaonekana kutoka pale. Wakaingia ofisini. Kupitia dirisha niliona soda.

Baadaye akaja kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa asili ya Kiarabu, kwao Kondoa, rika langu kabisa. Mtoto wake anasoma darasa la kwanza. Alikuja kuuliza lini alete saruji aliyoahidi. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani akamwita, "Mzee wangu, karibu ndani!" Mzee huyo bado ana chunusi. Lakini yeye, kabla ya kwenda huko alikoitwa, alikata uwanja akaja mpaka mlingotini, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Mbona mko juani?"

"Marahaba mwanangu," mama akasema. "Tunaota jua."

Akacheka, akaangalia dirisha la ofisi, akaacha kucheka.

Kwa hiyo sheria ilijulikana. Hata aliyeitwa mzee kwa sababu ya rangi yake na saruji yake aliijua. Hilo ndilo lililoniondolea huruma yote.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nililiona nikiwa nimesimama pale. Ofisi ile ilijengwa nikiwa darasa la tatu. Wazazi wasio na cha kuchangia waliambiwa watoe nguvu kazi, na nguvu kazi maana yake ilikuwa mama yangu na wenzake, ndoo kichwani kutoka kisimani, msimu mzima wa kiangazi. Zege la baraza ile lilikandwa kwa maji aliyobeba yeye. Sasa alikuwa hawezi kupandishwa juu yake apate kivuli.

Hukumu ilitolewa ukingoni mwa baraza, mwalimu juu, sisi chini. Mdogo wangu hakuulizwa alichoambiwa bombani. Mama ataomba radhi Jumamosi mbele ya wazazi wote, iwe fundisho. Mpaka hapo mtoto abaki nyumbani. "Mfundisheni kuishi na watu," akamaliza, kana kwamba sisi ni kitu kingine. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti tofauti, laini, kwamba amesikia nina shahada ya ualimu na natafuta pa kujitolea. Nipite ofisini wiki ijayo, tuone. Nilielewa vizuri. Nilikuwa nakaribishwa ndani, mradi nimwache mama nje.

Nyumbani mama alikaa akipepeta mlenda kama siku nyingine. Nikamwambia hataomba radhi. Akasema ataomba.

"Neno halinipunguzii kitu."

"Linakupunguzia, mama."

"Haya. Wewe ndiye umesomea mizani," akasema, akapuliza vumbi likaniingia machoni. Halafu, bila kunitazama: "Mtoto akae darasani. Mimi nimezoea kusimama."

Sijui kama aliona alivyonikata kwa maneno hayo. Tangu hapo sikuwaza haki tena. Niliwaza kisasi, na niliwaza kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kwanza nilifikiria kwenda kwa ofisa elimu. Nikamwona ofisa akiniambia nisubiri nje. Nikafikiria kuandika yote kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikakumbuka kwamba wenzake mama hawamo kwenye kundi lile kwa sababu simu zao ni vitochi visivyo na intaneti. Nikafikiria mambo ya kitoto pia, matairi ya gari na misumari. Kila mpango niliufuata mpaka mwisho wake, na kila mwisho nilimkuta mdogo wangu nyumbani na mama bado amesimama.

Kisha nikakumbuka hotuba. Mwalimu mkuu hafungui kikao bila hotuba ya maadili. Ni ileile kila mara, na sehemu anayoipenda kuliko zote ni salamu: watoto wa siku hizi hawaamkii wakubwa. Mtego aliutega yeye mwenyewe, miaka yote. Ilibaki kumsukuma. Lakini kujua hivyo hakukunipa usingizi. Kulinipa maswali mapya, ambayo nimeshayataja.

Jumamosi darasa kubwa lilipangwa kama kawaida: mbele viti vya plastiki kwa watumishi na wenye maduka, katikati madawati, nyuma kabisa sakafu, ambapo mama na wenzake walitandika kanga wakakaa wameegemea ukuta. Wanafunzi wakaimba, wakatuamkia kwa pamoja, wakatoka. Mwalimu mkuu akasimama. Nilikaa kwenye dawati la pembeni, nikiomba aanze na jambo jingine, nipate sababu ya kunyamaza.

Hakunisaidia. "Mtoto asiyejua kumwamkia mkubwa wake," akasema, "huyo msimtafutie shule, mtafutieni jela." Viti vya mbele vikacheka. Akaendelea kidogo, akapata mkondo wake, kisha akasema kuna mzazi ana neno la kusema kuhusu malezi. "Yule mama yupo? Apite mbele."

Mama akanyanyuka, akakung'uta kanga, akapita katikati ya madawati. Nikanyanyuka nami. Nikamfuata. Mama alifika mbele, akaanza kukunja magoti.

Nikamshika mkono. "Usikunje, mama."

Nikamgeukia mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu zenye adabu, zote zilipotea. "Mwalimu, umetufundisha sasa hivi kuhusu kuamkia. Kati yako na mama yangu, mkubwa ni nani?"

Akatabasamu, akasema tusitoke nje ya ajenda.

"Mbona hesabu yenyewe nyepesi," mwanamke mmoja akasema kutoka sakafuni. Mwingine akadakia, "Mwache ahesabu vidole vya miguu." Nyuma wakaangua kicheko, kile cha wanawake wa sokoni ambacho hakinyamazishwi kwa miwani.

"Alikuamkia wiki hii hapo barazani," nikasema, "ukaitikia. Tunaomba umrudishie, halafu aseme ulichomwitia."

Mwalimu mkuu akawatazama watu wake wa viti vya plastiki. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa yule kijana wa duka. Hakusema mengi. Alikibeba kiti chake, akakiweka nyuma ya mama, akasema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, akakaa. Basi mwanamume aliyekuwa kando ya kijana akaona aibu, naye akaamkia. Akafuata mwingine. Salamu ikatembea ule mstari wote wa mbele, kiti kwa kiti, kila mtu akiwa hana namna, mpaka ikamfikia mama wa yule msichana, kiongozi. Alitazama simu yake, akatazama mlango, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba mama," mama akamjibu, kwa upole ambao mimi nisingeuweza.

Akabaki mmoja. Niliutazama uso wake na sikuuonea huruma. Niliutazama kama mtu aliyelima na sasa anaangalia mvua. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kitu ambacho hata mimi niliyekuwa karibu sikukisikia.

"Huku nyuma hatujasikia," sakafu ikasema.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Alipanga kanga yake mapajani, pindo juu ya pindo. Alisogeza kiti kidogo, miguu ya plastiki ikakwaruza. Akatazama dari, akatazama madirisha ya darasa lile yasiyo na vioo. Mwalimu mkuu alibaki amesimama mbele ya wazazi wote, shikamoo yake ikiwa hewani, haina wa kuipokea. Miezi mingi imepita na bado nikiikumbuka dakika ile naitafuna polepole ili isiishe.

"Marahaba, mwanangu," hatimaye mama akasema. "Kaa."

Naye akakaa.

Mama akawageukia wazazi, akasema alikuja kuomba radhi kwa ajili ya sweta na yuko tayari. Ila anayedai radhi asimame kwanza aeleze mtoto wake alisema nini bombani. Hakuna aliyesimama. Mwalimu mkuu akasema, akiangalia meza, kwamba mtoto arudi Jumatatu, na tuendelee na ajenda ya vyoo.

Ilibaki salamu yangu mimi. Jumatatu nilimpeleka mdogo wangu mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlingotini akisubiri kengele ya gwaride, jua limeshamfikia. Aliniona, akasimama wima, uso wake ukiwa tayari kupokea, kwa sababu kwangu mimi yeye ni mkubwa kweli, na nafasi ya kujitolea ilikuwa bado mkononi mwake. Nilikuwa nimeliwaza hilo njia nzima. Nilijua nikimwamkia nitapata darasa, na nisipomwamkia nitaishia kuuza mlenda na mama. Nilijua pia mama angesema niamkie.

Nikasimama mbele yake.

"Habari za asubuhi," nikamwambia.

Akasubiri. Alidhani kuna nyingine inakuja. Nikamwona mdogo wangu akiingia darasani, nikageuka, nikaondoka, nikamwacha anasubiri palepale mlingotini.